Karatasi Mlangoni kwa Bi Zuhura

Somoe alizikwa bila mimi. Habari zilinifikia Nachingwea siku ya nne, kwa mdomo wa mwalimu mmoja ambaye hakujua hata kwamba tulifahamiana. Alisema tu, katikati ya mazungumzo mengine, kwamba Nanganga wamefiwa, yule mama aliyekuwa akiwaandikia watu barua za baraza ametangulia. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikaimaliza, nikamuaga, nikaenda kujifungia chooni nikalia, kwa sababu nyumbani kwangu chooni ndiko mahali pekee ambako mtu hakufuati kukuuliza chumvi iko wapi. Kisha nikajiapiza kwamba arobaini sitakosa. Siku zote zile za kungoja nilikuwa nikirudiwa na mwaka mmoja, mwaka tuliolala chumba kimoja, na ulinirudia kwa harufu na sauti zaidi kuliko kwa matukio. Ya nyumbani kwetu nitayaruka, kila ukoo una shida zake na zetu hazikuwa na upekee wowote. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na saba, cheti cha kidato cha sita, na mwandiko mzuri, na huo mwandiko ndio ulionipatia kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utafiti. Walikuja watu kutoka Dar es Salaam, wakiongozwa na mama mmoja tuliyemwita Daktari ingawa hakutibu mtu, wakitaka kujua mtu wa kawaida wa Nachingwea au Ruangwa akionewa anakwenda wapi. Kwa mwenyekiti wa kitongoji? Kwa shehe, kwa katekista? Baraza la kata, mahakama ya mwanzo, au anameza tu na maisha yanaendelea? Tuliambiwa kwamba majibu yatapelekwa kwa wakubwa, na kwamba safari hii mabaraza yatarekebishwa kwa kufuata yatakayoonekana, si kwa kufuata maneno ya watu wa mjini. Sisi wadadisi tulipewa madodoso, ubao wa kuandikia na kanuni za kazi, tukatia saini. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Nandonde, karani wa mahakama aliyestaafu, mtu wa koti hata jua likiwa la utosi, aliyeamini kwamba karatasi iliyokunjwa vibaya ni dalili ya akili iliyokunjwa vibaya. Mimi na yeye tulielewana tangu siku ya kwanza. Somoe na yeye walichukua muda.

Chumba chetu Nachingwea kilikuwa cha uani, katika nyumba ya mjane aliyeuza vitumbua. Mlikuwa na vitanda viwili, kimoja cha chuma na kimoja cha kamba. Nilikuwa bado natafuta maneno ya heshima ya kukidai kile cha chuma, Somoe akajitupa juu ya kile cha kamba, kikabonyea mpaka karibu na sakafu, akasema, "Hiki changu, dada. Mie mtu wa Nanganga, nimezoea kulala kama mgonjwa anayepelekwa zahanati." Alikuwa amenizidi miaka miwili na kimo cha kutosha kugusa kenchi. Tulikula muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai asubuhi, ugali na mbaazi jioni, na Ijumaa mjane alituletea vitumbua vilivyoungua pembeni, ambavyo hadi leo navipenda kuliko visivyoungua. Dirisha letu lilitazama uani. Wanawake waliokuja kununua vitumbua walikaa palepale wakizungumza, na sisi tukiwa tunavaa tulisikia yote. Asubuhi moja mmoja alisema, "Nikashitaki wapi, na mwenyekiti ndiye shemeji yake?" Wenzake wakacheka kile kicheko cha watu wasio na la kufanya. Somoe akaacha kuchana nywele. "Rehema," aliniambia, "dodoso liko hapa dirishani, na wewe unalifuata mpaka kijiji cha Kiegei." Nikamjibu kwamba wanawake wale hawamo kwenye orodha. Nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Orodha ndiyo iliyokuwa dini yangu mwaka ule. Kila kijiji kilikuwa na nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na kanuni ilisema hivi: ukikuta nyumba imefungwa, rudi mara ya pili siku nyingine, ukiikuta bado imefungwa, andika "hayupo", chukua nyumba inayofuata mkono wa kulia. Niliipenda kanuni ile kwa sababu haikuniachia la kuamua. Kiegei nilimaliza nyumba zangu mapema kuliko wote, fomu safi, hazina hata alama ya jasho, wakati Somoe alirudi jioni viatu vimejaa vumbi na fomu mbili tu mkononi. Alikuwa akiuliza majirani waliofunga nyumba wamekwenda wapi, kisha anawafuata. "Mtu akisema hayupo, hilo si jibu," aliniambia. "Mtu lazima awe mahali." Nami nikamwambia kwamba mwenda pole hajikwai lakini pia hafiki. Akacheka mpaka akakaa chini. Hakuna mtu aliyewahi kunicheka vizuri kama Somoe. Wengine wakikucheka unapungua. Yeye akikucheka ulijiona umekaribishwa.

Mvua zilipopungua tukahamia upande wa Ruangwa, tukapanga Mbekenyera, nyuma ya duka, katika vyumba ambavyo kuta zake hazikufika kwenye paa. Ukikohoa chumba kimoja, unapewa pole chumba cha tatu. Kutoka hapo tulikwenda vijijini kwa pikipiki au kwa miguu. Alasiri moja, nikiwa nimejilaza kupunga joto, nikamsikia Daktari akizungumza na Mzee Nandonde ng'ambo ya ukuta. Alisema ofisi ya Dar es Salaam inatafuta mtu wa kudumu wa kufundisha wadadisi wa mikoa mingine. Mzee Nandonde akajibu bila kufikiri, "Rehema. Fomu zake unaweza kumpelekea jaji." Nilibaki nimelala palepale, mikono kifuani, nikiogopa hata kugeuka kitanda kisije kikalia. Nilitaka kuondoka Nachingwea kiasi ambacho sikuwahi kumweleza mtu, hata Somoe. Siku zile nilidhani maisha yapo mahali fulani pengine na mimi ndiye ninayecheleweshwa.

Kijiji kilichobadilisha mambo sitakitaja, kwa kuwa watoto wa wahusika bado wanaishi pale na wanasalimiana. Nyumba yangu ya saba ilikuwa ya udongo, imesilibwa vizuri, na mwanzi umekingamishwa mlangoni. Kwetu ukiona mwanzi umekaa hivyo unajua wenyewe wamehamia shamba. Ulikuwa msimu wa kulinda: mahindi yamebeba, ngedere na nguruwe hawalali, na kaya nzima huhamia kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, kwa wiki nyingi. Kati ya mwanzi na ubao wa mlango ilichomekwa karatasi. Niliichomoa. Ilikuwa samansi ya baraza la kata, inamwita Bi Zuhura aje ajibu shauri la shamba la mikorosho, na tarehe ilikuwa bado siku sita. Mgambo alikuwa ameifikisha mlangoni, akahesabu amemaliza kazi. Nikaikunja vizuri, nikairudisha. Siku ya tano nikarudi, kama kanuni ilivyotaka. Mwanzi palepale, karatasi palepale, imeanza kujikunja kwa jua. Nikaisoma tena. Kesho yake ndiyo siku ya shauri. Nikaandika katika daftari langu, kwa mwandiko ule ule wa kupelekewa jaji: "Nyumba imefungwa. Mwanzi mlangoni. Samansi ya baraza haijachukuliwa." Nikaweka tarehe za mara zote mbili. Kisha nikageuka mkono wa kulia, nikabisha hodi kwa jirani, nikamhoji kwa saa nzima juu ya namna anavyopata haki.

Wiki tatu baadaye Daktari alitupatia ruhusa ya kunakili vitabu vya mashauri vya mabaraza. Tulikaa mimi na Somoe katika ofisi moja yenye meza ya miguu mitatu na tofali, yeye akisoma, mimi nikiandika. Akafika kwenye shauri la mikorosho, akasoma kwa sauti yake ya kuchoka: mdai ni mpwa wa marehemu mume wa Bi Zuhura, anadai shamba ni la mjomba wake na kwa desturi ni lake, mdaiwa aliitwa, hakutokea, shamba apewe mdai. Kalamu yangu ikasimama. Somoe akasubiri, akadhani wino umeisha. Jioni ile akiwa anamenya muhogo nikamfungulia daftari langu. Alilisoma, kisu mkononi.

"Uliisoma mara mbili?"

"Mara mbili."

"Na jirani alikuwepo?"

"Alikuwepo. Nilimhoji."

Sikupata tusi nililolingoja. Aliendelea kumenya, maganda yakianguka kwenye sinia, kisha akasema, kama mtu anayejisemea, "Sisi tumewauliza waliopo kama wanapata haki. Wasiopo ndio wanaonyang'anywa." Nimekaa kwenye semina nyingi tangu hapo, na sijasikia sentensi iliyonizidi nguvu kama ile, iliyosemwa na mwanamke mwenye kidato cha nne na muhogo mkononi.

Jumapili tukamtafuta Bi Zuhura. Jirani yule yule niliyemhoji alituonyesha njia kwa kidole, bila kuuliza lolote. Ilikuwa rahisi hivyo. Tulimkuta juu ya dungu, akipiga debe kuwafukuza ngedere, mwanamke mfupi wa miaka kama hamsini, na chini binti yake Asumini akichochea moto. Tulikaribishwa mahindi ya kuchemsha na njugumawe, na kwa kuwa hatukuwa na ujasiri, tukala kwanza. Ndipo Somoe akamweleza. Kiswahili cha Bi Zuhura kilikuwa cha kupima, Kimwera ndicho alichokitumia kwa mambo ya moyoni, na mwanzoni alicheka, akidhani ni utani wa wageni. "Mie sijaitwa," alisema. "Mtu akiitwa anaitika. Mie nimeitwa lini?" Somoe akarudia taratibu. Bi Zuhura akaliweka debe chini. Mikorosho ilianza pale mahindi yalipoishia, safu za zamani za marehemu na safu changa walizopanda wote wawili, na aliitazama yote kama anayehesabu watoto. Kisha ngedere wakashuka upande wa bondeni, akainuka na debe lake. "Ngedere hawajui hukumu," akasema, akaenda kuwafukuza. Mimi nilikuwa na gunzi mkononi na sikusema kwamba karatasi ile niliishika.

Somoe alizungumza na Daktari na Mzee Nandonde juu ya zile nyumba zilizorukwa. Nilitegemea watamfokea, maana alikuwa anasema kwamba kazi yetu ya miezi yote ina tundu. Daktari alimsikiliza kidevu mkononi, kisha akaomba orodha zetu zote za "hayupo" na nakala za vitabu vya mabaraza. Tuliviringisha godoro, tukatandika mikeka, tukapanga zile hukumu za "hakutokea" mwezi kwa mwezi sakafuni. Hakuna aliyehitaji hesabu. Miezi ya kulinda ilikuwa na marundo yanayoporomoka, na ile miezi watu wanapokuwa nyumbani ilikuwa na vijikaratasi vya kuonea huruma. Mzee Nandonde, ambaye aliandika samansi miaka yake yote ya kazi, alivua koti. Sijamwona akilivua kabla wala baadaye. Alichuchumaa mbele ya rundo kubwa, akasema, "Nilikuwa nadhani ni ukaidi. Miaka yote hiyo nilikuwa nadhani watu wa huku ni wakaidi." Basi tukaanza upya, tukawafuata waliorukwa, shamba kwa shamba, na mimi nikatembea kuliko wote. Wiki zile ndizo ninazozililia zaidi. Tulikula kwenye madungu ya watu tusiowajua, tulirudi miguu imechanwa na upupu umetupata, Somoe akiimba mbele yangu nyimbo alizozibadilisha maneno ili kunisema. Kama ningeulizwa nirudishiwe siku moja tu ya maisha yangu, nisingechagua ya harusi.

Lakini shauri la Bi Zuhura halikuweza kungoja ripoti. Mzee Nandonde alimweleza kwamba anaweza kuomba lisikilizwe upya akionyesha hakuitwa, ila baraza halitakubali neno lake peke yake. Anahitaji mtu aliyeiona samansi ikiwa mlangoni. Alipokuwa akisema hayo hakunitazama. Yeye ndiye aliyekuwa akikagua daftari zetu kila Ijumaa. Na sote tulijua kanuni tuliyotia saini: mdadisi haingii katika shauri la mhojiwa, akiingia kazi imekwisha. Haikuwa kanuni ya kikatili. Wakubwa wakisikia kwamba watafiti wanashika upande, ripoti nzima wangeitupa, na wale wote wa kwenye marundo wangebaki walivyo. Asubuhi ya baraza nilichana ule ukurasa kwenye daftari, nikauweka juu ya kitanda cha Somoe, nikatoka kwenda kuteka maji. Niliporudi ukurasa haukuwepo, na chai yangu ilikuwa imefunikwa kwa kisosi.

Baraza lilikaa katika chumba cha darasa. Nilikaa dawati la nyuma kabisa, magoti yakigusa mbao. Bi Zuhura alieleza kwa maneno machache kwamba alikuwa shamba. Mpwa wa mumewe, kijana mtaratibu, si mtu mbaya hata kidogo, alisema karatasi ilipelekwa nyumbani na hilo ndilo sheria inalotaka. Ndipo Somoe akainuka, akasoma ukurasa wangu, tarehe zote mbili. Mwenyekiti wa baraza akauliza, "Nani aliyeiona hiyo karatasi?"

Nilikuwa na muda. Watu husema mambo hutokea ghafla. Hili halikutokea ghafla. Nje mtu alikuwa akifagia, nikasikia ufagio ukienda na kurudi mara kadhaa.

"Mimi," alisema Somoe.

Shauri likafunguliwa upya, na lilipomalizika Bi Zuhura alibaki na safu zote walizopanda pamoja na mumewe. Zile za zamani zikaenda kwa mpwa, na hata Bi Zuhura mwenyewe aliona ni haki. Daktari aliporudi kutoka Dar es Salaam alimwita Somoe nje, wakazungumza wamesimama, na nikaona Daktari ndiye aliyekuwa akifuta macho. Kutoka chumba cha pili nikamsikia baadaye akimwambia Mzee Nandonde, "Nikimwacha kazini watasema tulipanga. Nikimwondoa naondoa kichwa cha utafiti wote." Mzee Nandonde akakohoa tu. Nilimsaidia Somoe kufunga mizigo. Nilianza kusema, "Somoe, mimi..." akanikata, "Wewe una safari. Mie Nanganga ni hapo tu." Hakuwa na kinyongo, na ndiyo maana sikuweza kumfuata. Angekasirika, ningejua la kufanya na hasira yake.

Ripoti ilisomwa wilayani, na kwa mara moja katika maisha yangu nikaona maneno ya karatasi yakitembea. Mabaraza ya huko yakakubaliana kwamba samansi ya shamba haihesabiki mpaka mwenyewe aweke dole gumba, hata kama mgambo atamfuata dunguni, na mashauri ya ardhi yasisikilizwe miezi ya kulinda. Nilikwenda Dar es Salaam, nikafundisha wadadisi miaka mingi, na kila darasa niliwaambia juu ya nyumba zilizofungwa. Niliwaambia, "Mwenzangu mmoja aliniambia." Jina sikulitaja. Tulipigiana simu mwanzoni na Somoe, kisha salamu za sikukuu, kisha nikarudi Nachingwea na nikawa nasema nitakwenda Nanganga, msimu ukapita, na mwingine. Umbali wenyewe ni mfupi wa kutia aibu. Siwezi kusingizia barabara.

Arobaini ilikuwa na watu wengi kuliko nilivyotegemea. Nilikaa mkekani na wanawake, tukila wali wa sinia, na wanawake wale walikuwa wakisimuliana habari za marehemu, kwamba barua ya huyu aliiandika yeye, shauri la yule alimsindikiza yeye. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitunawisha mikono akasema, "Sisi alitukuta hana hata habari na sisi. Alipita tu akaiona samansi mlangoni kwa mama, akasimama barazani akasema." Nikamtambua. Alikuwa Asumini, yule binti aliyekuwa akichochea moto, sasa ana mvi mbele. Maji yalikuwa yakinitiririka vidoleni. Nikasema, "Hakuiona yeye. Niliiona mimi." Nilisema kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko nilivyokusudia, wanawake wakaacha kula.

Asumini aliendelea kumimina mpaka mikono yangu ikatakata. "Tunajua, dada," akasema. "Alimwambia mama palepale, kabla hajapanda gari kurudi kwao. Alisema mwenye karatasi ni mwenzangu, ana woga lakini ana mwandiko. Mama akasema basi atakuja." Kila mwaka, akanieleza, msimu wa kulinda ukifika, Somoe alikwenda kukaa nao siku tatu nne, anapiga debe, anakula njugumawe, na kila mwaka mama yake aliuliza kama safari hii na yule mwingine yupo. Nilijaribu kupiga hesabu ya misimu yote ile, siku tatu tatu za kukaa na Somoe ambazo nilikuwa nimewekewa nafasi na sikwenda. Nikauliza mama alifariki lini.

"Mama yupo. Yupo shamba, amekataa kurudi nyumbani mahindi hayajavunwa." Asumini akashusha sauti. "Ila hatujamwambia msiba. Moyo wake haupo vizuri. Tulisema tungoje arobaini ipite, na sasa imepita, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Anamngojea Somoe tangu wiki iliyopita."

"Nitamwambia mimi," nikasema.

Asumini hakubisha. Kesho yake asubuhi Asumini alinipeleka kwa pikipiki hadi mwisho wa njia, tukamalizia kwa miguu. Bi Zuhura hapandi tena juu. Wamemjengea kibanda cha chini, na alikuwa amekaa kizingitini, debe mapajani, macho yamefunikwa na utando. Alisikia nyayo za watu wawili, akageuza uso, akatabasamu.

"Somoe? Umechelewa mwaka huu."

"Ni Rehema, mama. Yule aliyeisoma karatasi mlangoni kwako akairudisha."

Akanyoosha mkono hewani mpaka ukapata wangu, akaushika, akaupapasa vidole kimoja kimoja. "Wewe," alisema. "Haya, umefika. Na mwenzio amebaki wapi?"

Asumini aligeuka akatazama mahindi. Nikapiga magoti kwenye vumbi ili mdomo wangu uwe karibu na sikio lake, na nikamwambia.